Jamvi la vitabu Chake Chake

Mgeni akifika Chake Chake huelekezwa kwanza kwenye makumbusho, ndani ya ngome kongwe. Aende, panafaa. Ila mimi, niliyekuja Pemba kuandika habari za kichocho, nilikawia zaidi kwenye kibaraza kimoja karibu na soko. Mzee mmoja ametandika jamvi, juu yake kapanga vitabu vilivyokwishatumika na makasha mawili ya kanda za taarabu.

Mpangilio hakuna. Hisabati ya darasa la sita imeilalia Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Chini yake Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, jalada limechanika. Raha iko hapo: huji na orodha, unapekua tu mpaka kimoja kikushike. Ndani utakuta jina la mwanafunzi wa zamani, hesabu za penseli, pengine punje ya karafuu. Nilitamani Kale ya Washairi wa Pemba, kitabu cha mwaka 2011 chenye tungo za Kamange na Sarahani, malenga wa kisiwa hiki. Hakikuwepo. "Mwenye nacho hicho hauzi," mzee alisema.

Kanda ni za Culture Musical Club na Ikhwani Safaa, kikundi cha tangu 1905. Ukitaka, anakuwekea kwenye redio yake. Nyingine zinakoroma, na watu wanasikiliza hivyo hivyo.

Neno la kikazi kwa wazazi: vitabu vya zamani hubeba vumbi na ukungu. Kama nyumbani kuna mwenye pumu, vianike juani na uvipanguse kwanza.

Akaja mama na mwanawe. Akachukua kitabu cha sayansi, akafungua pochi. Mzee akamzuia.

"Mwanangu, hicho cha mtaala wa zamani. Hakitamfaa."

"Cha dukani sikiwezi, babu."

Wakainama wakatafuta, mpaka kikapatikana cha mtaala mpya, hakina jalada, shilingi 2,000. Mtoto muda wote ameketi kwenye ngazi na hadithi za Abunuwasi, anacheka peke yake. Mama akamtazama, akahesabu tena pesa zake. Zilitosha kimoja.

"Njoo Ijumaa baada ya sala, usome hapa hapa," mzee akamwambia mtoto.

Akaitikia kwa kichwa. Kabla ya kuondoka akakifukia kile kitabu chini kabisa, nyuma ya hisabati, mtu asikione.