Maandazi, sambusa na deni langu kwa mdogo wangu

Samahani kwa kupotea, zamu zilikuwa nyingi na theluji ya mwaka huu haikutuhurumia. Mliouliza kama bado nipo, ndiyo nipo, hapa hapa Buffalo. Mama nimeshampigia, asije akasema nimemsahau.

Leo nina jambo la mdogo wangu wa Ngamiani. Wengi wenu mnajua tulivyonuniana mwaka jana kwa ajili ya ile biashara yake ya maandazi. Wengine mlikaa upande wangu, mkasema mtoto kachezea hela ya dada yake. Nataka niseme hapa mbele yenu wote kwamba mlikosea, na mimi nilikosea kuliko ninyi. Aliyenifumbua macho ni muuza sambusa wa Grant Street.

Kwa wageni wa ukurasa huu, Grant Street ni mtaa wa upande wa magharibi wa mji wetu. Ni mtaa wa watu waliotoka mbali: Burma, Somalia, Kongo, Burundi, na watu wa Puerto Rico waliowatangulia. Ukienda kununua mchele unaweza kusikia Kiswahili nyuma yako ukageuka kama umeitwa jina. Hapo ndipo mwaka 2011 lilipoanzishwa soko la West Side Bazaar, ambapo wafanyabiashara wadogo, wengi wao wakimbizi na wahamiaji, walipata nafasi chini ya paa moja. Moto uliliunguza Septemba 2022, na mwaka 2023 likafunguliwa upya Niagara Street. Wazo lake ni rahisi. Jiko la biashara la peke yako ni ghali mno, lakini mkiwa wengi chini ya paa moja mzigo wa kila mtu unapungua. Shikeni hilo neno mzigo, tutalirudia.

Sasa kuna jirani yangu, mama wa Kikongo. Yeye hana nafasi sokoni, hukodi jiko siku ya Jumamosi na kupika sambusa za kuuza. Siku moja akanijia na daftari lake. Akaniuliza, "Dada, wewe umesoma. Nipike ngapi ndiyo zinilipe?" Nikacheka, nikamwambia nimesoma kuchoma sindano. Lakini tukakaa, chai ikachemka, tukaanza kuhesabu.

Kwanza tukaandika gharama zisizobadilika. Kodi ya jiko, bima na kibali, ukigawa kwa siku, ni dola 90. Apike moja, apike mia tatu, hizo 90 zinatoka. Kisha zinazobadilika: nyama, unga, mafuta, vitunguu na mtu wa kumsaidia. Jumla ikatoka hivi:

Sambusa 50: dola 130, yaani 2.60 kila moja
Sambusa 100: dola 160, yaani 1.60
Sambusa 150: dola 190, yaani 1.27
Sambusa 200: dola 230, yaani 1.15
Sambusa 250: dola 290, yaani 1.16
Sambusa 300: dola 375, yaani 1.25

Mmeona? Ukichora, mstari unashuka, unafika chini, halafu unapanda tena. Umbo lake ni kama karai. Unashuka kwa sababu ule mzigo wa dola 90 unagawanywa kwa sambusa nyingi zaidi. Unapanda kwa sababu jiko ni lile lile. Akipita 200 watu wanagongana mbele ya karai moja, mafuta yanachoka, inabidi aite msaidizi wa pili na alipe saa za usiku.

Mimi hili nalijua kwa mwili wangu. Sheria ya kazi ya Marekani ya mwaka 1938 inataka mfanyakazi wa kulipwa kwa saa, na sisi manesi wa malipo ya saa tumo, akipita saa 40 kwa wiki alipwe mara moja na nusu. Saa ya 41 ni ghali kuliko ya 40, na nesi mwenyewe amechoka zaidi!

Siri yenyewe iko kwenye gharama ya nyongeza, yaani zile sambusa za mwisho zimekula kiasi gani peke yake. Kutoka 150 hadi 200 aliongeza dola 40, sawa na senti 80 kila moja. Hiyo iko chini ya wastani wa 1.27, kwa hiyo inauvuta wastani chini. Kutoka 200 hadi 250 aliongeza dola 60, yaani 1.20 kila moja. Hiyo imepita wastani wa 1.15, basi wastani unaanza kupanda. Ni kama alama za darasani: akija mtoto mwenye alama ndogo kuliko wastani, wastani unashuka, akija mwenye kubwa unapanda. Pale gharama ya nyongeza inapokutana na wastani ndipo chini ya karai. Kwake ni kama sambusa 200.

Lakini msikimbilie kusema apike 200 tu. Anauza dola 1.50. Kwa 200 anabaki na dola 70, kwa 250 anabaki na 85, kwa 300 anarudi kwenye 75. Faida kubwa iko 250, kwa sababu mpaka hapo sambusa ya nyongeza bado inagharimu chini ya bei yake. Chini ya karai kunamwambia jambo lingine: jirani zake wakishindana mpaka bei ishuke, asikubali chini ya 1.15. Hapo kwa sambusa 200 anarudisha gharama tu, na ukishuka zaidi hakuna idadi itakayomwokoa.

Usiku ule sikulala. Nikamwandikia mdogo wangu kwenye simu, nikamwomba hesabu za mwaka jana. Alinijibu baada ya siku mbili (bado alikuwa amenuna, na haki yake).

Kabla sijaingilia, alikuwa anapika maandazi 300 kwa siku na kuuza shilingi 200 kila moja. Gharama zote 45,000, yaani 150 kila andazi. Anabaki na 15,000. Mimi nikatuma hela ya unga, nikamwambia apike 500, kwani wateja si wapo! Akaniambia, "Dada, jiko halitoshi." Nikamwambia acha uvivu.

Maandazi 200 ya nyongeza yalitaka hivi: unga, mafuta, sukari, hamira na iliki 18,000, msaidizi wa pili 10,000, mkaa wa jiko la kuazima 4,000, bodaboda ya kupeleka shule ya mbali 5,000. Jumla 37,000, sawa na 185 kila moja. Na kila siku yalibaki kama 40 yasiyouzwa. Kwa hiyo nyongeza iliingiza 32,000 na kula 37,000. Faida ikashuka kutoka 15,000 hadi 10,000, huku akiamka saa tisa usiku badala ya saa kumi. Mtoto hakuchezea hela. Mimi ndiye niliyemsukuma akapita jiko lake.

Nimejifariji kidogo kwa kisa cha profesa Jacob Viner wa Chicago. Mwaka 1931 aliandika makala maarufu juu ya michoro hii. Alitaka mstari wa muda mrefu, ule wa kubadilisha hata ukubwa wa jiko, upite chini kabisa ya kila karai bila kukata karai lolote. Mchoraji wake, mwanahisabati Wong, akamwambia haiwezekani. Profesa akashikilia lake, makala ikachapishwa na kosa, na baadaye akakiri. Aliyeshika kalamu alijua, kama aliyeshika mwiko wangu alivyojua.

Basi mdogo wangu, nisamehe, na nimekuomba hapa hapa waliposoma lawama zangu. Safari hii situmi hela ya unga. Andika daftari wiki mbili: umepika ngapi, umeuza ngapi, umetumia nini. Ukiona wateja wa 500 wapo kweli, tutazungumzia jiko kubwa, maana jiko kubwa lina karai lake jingine. Ukiona 300 ndiyo size yako, basi pika 300 na ulale.

Shangazi, najua utasoma hii kwanza kuliko wote. Mfikishie mama.

Tuzidi kuombeana.