Jiwe la Aneyoshi

Wasafiri waendao Japani hurudi na habari nyingi za ajabu. Huko Nara, husema, kulungu hutembea mjini bila hofu, nao huinamisha vichwa mbele ya mgeni wapate kupewa biskuti. Huko Kyoto iko njia ipandayo mlima, nayo imepangwa malango mekundu kwa maelfu, hata mtu hupita chini yake kama apitaye ndani ya nyumba ndefu. Habari hizo hunipendeza. Lakini kama ningejaliwa kusafiri, ningeomba kwanza nionyeshwe jiwe moja lisilo na uzuri wo wote, lililosimama kando ya njia ipandayo toka pwani kwenda kijiji kidogo cha wavuvi kiitwacho Aneyoshi.

Kijiji hicho kiko kaskazini-mashariki mwa Honshu, kisiwa kikubwa cha Japani. Bahari ya huko ina samaki wengi, lakini nchi hutetemeka mara nyingi. Na tetemeko kubwa likitokea chini ya bahari, maji huweza kuinuka na kuja pwani kama ukuta. Wajapani huliita wimbi hilo tsunami, maana yake wimbi la bandarini.

Hapo zamani watu wa Aneyoshi walijenga karibu na mashua zao, kama wavuvi wapendavyo. Mwaka 1896 wimbi likaja usiku, likakifuta kijiji. Twaambiwa kuwa waliosalia walikuwa wawili tu. Baadaye watu wakajenga tena pale pale, kwa maana kupanda mlima na nyavu na samaki begani ni kazi nzito, na msiba wa jana husahaulika upesi mbele ya njaa ya leo. Mwaka 1933 wimbi likarudi; wakasalia wanne. Ndipo wakahamia juu, wakachonga maneno katika jiwe, yapata meta 60 juu ya bahari, kuwaonya wazao wao wasijenge nyumba yo yote chini ya hapo.

Tarehe 11 Machi 2011 nchi ilitetemeka sana. Wimbi likaingia katika bonde lile, likapanda hata kufika kama meta 40, likang'oa miti njiani. Lakini jiwe halikufikiwa, na nyumba zilizo juu yake zikabaki salama.

Mtu aweza kusema, "Jiwe lile liliokoa kijiji." Mimi sisemi hivyo. Mawe ya namna hiyo yako mamia katika pwani ile, na chini ya mengine watu walijenga, wakitumaini kuta ndefu zilizozuia bahari. Siku ile watu zaidi ya 18,000 walikufa au hawakuonekana tena. Jiwe halina mikono ya kumshika mtu.

Nimefundisha kusoma kwa miaka mingi. Mtoto akitamka kila neno sawasawa, twamsifu kwamba ajua kusoma. Watu wa Aneyoshi wamenipa kipimo kingine. Kwao, kulisoma jiwe lile kulikuwa kupanda mlima kila siku kwa miaka 78, hata bahari ilipokuwa shwari. Siku ya hatari ilikuwa moja, lakini hakuna aliyeijua; basi wakalitii siku zote.

Tena tusidhani mambo haya ni ya Wajapani peke yao. Tarehe 26 Desemba 2004 wimbi la namna hiyo lilitoka karibu na Sumatra, likavuka bahari, likaua watu hata katika pwani za Somalia na Tanzania. Na wazee wetu wanayo maonyo mengi ambayo hayakuchongwa po pote. Huenda kijijini kwako yuko mzee ajuaye maji ya mto yalifika mti gani katika mwaka wa mafuriko makuu. Mwendee angali hai, mwanangu, umwulize na kuliandika neno lake; na siku utakapotafuta kiwanja cha nyumba yako, ulisome tena kabla hujachimba msingi.