Lugha nyingi za Wachina

Mara nyingi twasikia watu wakitaja "Kichina" kana kwamba ni lugha moja tu. Lakini mtu wa Beijing akikutana na mtu wa Guangzhou, na kila mmoja akisema kama alivyofundishwa na mama yake, hawasikilizani, karibu kama Mfaransa mbele ya Mreno.

Tazameni, wasomaji wapenzi. Kumi huitwa shi kule Beijing, na sap kule Guangzhou. Kula ni chi kwa hao, na sik kwa hawa. Beijing wanazo namna nne za kupandisha na kushusha sauti, Guangzhou sita. Kule Beijing, ma ya sauti ya juu iliyonyoka ni mama. Ma inayoshuka na kuinuka tena ni farasi. Sisi wa Kongo hatushangai, maana katika Kilingala moto ni mtu, na motó ni kichwa.

Tofauti hizo zimefika hata mezani petu. Jani ni moja, lakini Wachina wengi huliita cha, na watu wa pwani ya Fujian te. Neno la kwanza lilipitia Uajemi, nasi twasema chai; la pili lilichukuliwa na merikebu za Waholanzi, na Wafaransa wasema thé.

Kinachowaunganisha Wachina ni maandiko. Alama ile ile kila mmoja huisoma kwa sauti ya kwao. Hivyo waliosoma huweza kuelewana kwa kalamu pale ulimi unaposhindwa. Lakini asiyejua kusoma afanye nini? Mwaka 1956 serikali yao iliagiza lugha ya wote, yaani putonghua, yenye matamshi ya Beijing, ienezwe mashuleni. Faida yake ni kubwa: leo mtu wa kusini aweza kufanya kazi kaskazini bila mkalimani. Hasara nayo ipo: mjini Shanghai watoto wengi hawasemi tena vema lugha ya babu zao.

Wazazi, jambo hilo latugusa. Hata nyumbani mwetu tumeona mtoto akimjibu nyanya yake kwa Kifaransa, na mzee akanyamaza. Mtoto na ajifunze lugha ya shule kwa bidii, maana yafungua milango mingi. Lakini jioni tuzungumze naye lugha ya nyumbani. Ile ya shule mwalimu atamfundisha. Hii ya nyanya, nani atamfundisha, sisi tukinyamaza?