Sauti Kabla ya Chujio

Miaka yote niliyofanya kazi ya kurekebisha redio za ridhaa imenithibitishia jambo moja: sauti mbovu hewani mara nyingi huharibika kabla haijafika kwenye chujio la fuwele, na hapo ndipo fundi anapopaswa kuanzia. Wengi hukimbilia kung'oa chujio la kilohezi 2.4 ili waweke pana zaidi. Mimi huanza na kapasita ndogo iliyo kati ya maikrofoni na kikuza sauti. Kapasita ya maikrofaradi 0.047 ikikutana na ukinzani wa omu 10,000 hufifisha sauti zote zilizo chini ya hezi 340 hivi. Ukiweka ya 0.1, mpaka huo hushuka hadi hezi 160, na sauti nene ya mwanamume hurudiwa na uzito wake bila mawasiliano kuchukua nafasi zaidi hewani. Kuzidisha hapo ni kosa. Tangu miaka ya 1920 Harvey Fletcher na wenzake wa maabara za simu za Bell walionyesha kuwa nguvu nyingi ya usemi imo katika masafa ya chini, ilhali ueleweko hutegemea zaidi konsonanti za juu. Redio ya wati 100 inayolishwa besi nyingi huteketeza wati hizo kwenye irabu, na msikilizaji hubaki akibahatisha kama alama ya wito ina S au F.

Wapenzi wa ukanda mpana watasema kilohezi 3 au zaidi huleta sauti ya kupendeza, na kwamba kelele anayoongezewa msikilizaji akitoka 2.4 hadi 3 ni desibeli 1 tu. Hesabu yao ni sahihi, nami sibishi kuhusu uzuri wa sauti hiyo. Ila sisi wa Afrika Mashariki, kwenye ukanda wa mita 40, tumetengewa kilohezi 7,000 hadi 7,200, na nafasi hiyo tunagawana na watu wa Morse na wa dijitali pia. Jioni masafa yakijaa, upana wa mmoja ni usumbufu wa jirani.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la wenye redio mpya: menyu ina kisawazisha sauti, lehemu ya nini? Nakubali menyu ijaribiwe kwanza, maana mara nyingi hutosha. Lakini kisawazisha hukuza kilichokifikia. Kama kapasita imeshaidhoofisha sauti ya chini, kuipandisha baadaye hupandisha pamoja nayo mvumo wa umeme na mkoromo wa vikuza sauti vilivyotangulia. Redio ya namna hiyo hubadilishwa kapasita kwanza, kisha menyu hupangwa upya redio ikiwa kwenye mzigo bandia, huku fundi akisikiliza kwa kipokezi cha pili.