Donda Ndugu na Kitambaa Kinachokunywa Maji

Kidonda kisichopona Waswahili wamekiita donda ndugu. Sisi vijana wakimbizi wa hapa Rumonge tunaona jina limekaa sawa: linalala na wewe, linaamka na wewe, ukihama linahama na wewe. Mwishoni mwa Januari 2018 maelfu ya watu walivuka Tanganyika kutoka upande wa Fizi, wakashukia Rumonge na Nyanza-Lac. Kati ya wazee wetu wapo waliofika na nguo za mwilini tu, na mguu unaovuja.

Huko kuvuja ndiko tunakotaka kukuzungumzia. Maji ya kidonda yanapita kwenye bandeji, yanalowesha kitenge, yananuka, inzi wanakuja. Unakuta mama anasimama mbali na wenzake kwenye foleni ya bomba. Mzee haji tena kusali, ukimuuliza anasema amechoka. Hajachoka, anaona haya. Yaani kitambaa kizuri cha kunyonya maji kinaweza kumrudisha mtu kwa watu hata kabla kidonda hakijafunga.

Wengi bado wanasema kidonda kiachwe wazi kikauke. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa vidonda vya nguruwe, kwamba kilichofunikwa kikabaki na unyevu kinaota ngozi mpya karibu mara 2 haraka kuliko kilichoachwa kikauke. Lakini unyevu si mafuriko. Maji yakizidi yanakula ngozi ya pembeni, inakuwa nyeupe na kukunjamana kama vidole vya mtu aliyeshinda ziwani. Basi kitambaa kina kazi mbili: kunywa yaliyozidi, na kuacha unyevu kidogo.

Hospitali kubwa zina vitambaa vya povu, na vya alijineti inayotoka kwenye mwani wa kahawia, vikilowa vinageuka utelezi mzito. Kwetu ni nadra. Tunachokipata ni kompresi, pamba na bandeji, na hivyo navyo vina utaratibu wake.

Pamba inalimwa hapa hapa kwenye uwanda wa Imbo. Lakini pamba ya shambani ukiitupa kwenye maji inaelea, kwa sababu ina nta. Ya hospitali imeondolewa nta hiyo, ndiyo maana inakunywa. Hata hivyo usiibandike moja kwa moja kwenye kidonda, nyuzi zake zinabaki ndani. Mwaka 1880 daktari Sampson Gamgee wa Birmingham aliweka pamba katikati ya tabaka mbili za shashi, na mpango huo unatumika hadi leo. Chini kabisa weka kompresi safi, ikiwezekana yenye vaselini isigande. Juu yake kitu kinene cha kunyonya. Mwisho bandeji ya kushikilia, isiyobana.

Kitu kinene kikikosekana, pedi ya hedhi safi, isiyo na manukato, inaweza kushika nafasi hiyo juu ya kompresi. Upande wa plastiki utazame nje, na usiikate, chembe zake zitamwagika. Wasichana wetu wanazipata kwenye mizigo ya msaada. Mzee akisikia jina lake anaweza kukataa, kwa hiyo mwambie kwa heshima: Baba, hiki ni kitambaa cha kunyonya, basi.

Osha mikono kwanza. Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, si ya ziwani, si mnajua kipindupindu kinavyotusumbua pwani hii. Kitambaa kikiwa kimeganda, kiloweshe, usikivute. Badilisha maji yanapokaribia ukingo wa kitambaa, usingoje yatokee nje ya bandeji.

Tusidanganyane lakini: kunyonya si kuponya. Kidonda kikipita wiki 4 hadi 6 bila kupungua, kuna kitu nyuma yake: sukari, mishipa ya damu, selimundu, ukoma, au chakula duni. Kituo cha afya ndicho kitakachopima. Na mtu akipata homa, mguu ukivimba na kuwa moto, ukawa mweusi au ukafa ganzi, apelekwe siku hiyo hiyo.

Kwenu wafanyakazi wa misaada, tuna ombi moja la hesabu. Kidonda kinachobadilishwa kila siku kinataka vitambaa 30 kwa mwezi. Mgonjwa akipewa 5, siku ya 6 anafunga kipande cha shuka, na kazi yenu ya siku 5 inaharibika. Mkipanga dawa za presha mnahesabu vidonge vya mwezi mzima. Vitambaa navyo vihesabiwe hivyo hivyo, kwa kila mtu na kidonda chake. Kuviosha na kuvifunga, sisi vijana tupo, tufundisheni tu.