Abiria wa Ocean Road
Mjukuu wangu, wewe unayeita gari kwa simu likakufuata mlangoni, nikikwambia kwamba mwaka 1983 petroli ya Dar es Salaam ililaliwa foleni utadhani napiga chuku. Mabasi ya UDA yalikuwa ya kubahatisha, na Jumapili ikishapita saa nane mchana magari binafsi yalipigwa marufuku barabarani ili kuokoa mafuta. Mimi nilikuwa na Peugeot 404 kuukuu. Jirani yangu wa Magomeni akapokea shangazi yake kutoka Tabora, ameshuka treni na barua ya kwenda hospitali ya Ocean Road kupigwa mionzi, akaniomba nimfikishe. Kumbe mionzi si dawa ya siku moja! Ni Jumatatu hadi Ijumaa, wiki nenda wiki rudi. Kesho yake nikamkuta kibarazani kanga keshajifunga, ananisubiri. Na haukupita muda kiti cha nyuma kikawa na wagonjwa watatu wengine, wala sikumbuki nani aliwaalika.

Hospitali yenyewe waliijenga Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ufukweni, kuta nene, upepo wa bahari bure, na Ikulu ya Mwalimu Nyerere jirani tu. Pale wakati huo mgonjwa alichorwa mistari ya wino mwilini ili mashine ijue pa kulenga, na sharti mistari isifutike, kwa hiyo hapo hapakuguswa na maji wala sabuni. Changanya na joto la Februari: ndani ya gari palinuka jasho, dawa na kidonda, tukashusha vioo vyote bila mtu kusema neno. Shangazi, mwembamba, chale mbili kila shavu, alikaa mbele kwa ubavu, kwani ugonjwa wake ulikuwa wa kizazi, na kila shimo la Barabara ya Morogoro lilimpata yeye kwanza. Watu humsifu dereva wa wagonjwa kwa kuwahi. Mimi nasema mgonjwa wa mionzi anataka dereva goigoi, anayeyajua mashimo ya Jangwani kama vyumba vya nyumba yake.

Mwaka huohuo Waziri Mkuu Sokoine alikuwa ameanzisha msako wa wahujumu uchumi, na waliokuwa wameficha sukari na sabuni wakawa wanazitupa usiku. Nami kwenye buti nilikuwa na dumu la petroli, akiba ya safari hizi. Asubuhi moja pale Fire, kwenye kituo cha zimamoto, askari akatusimamisha, akafungua buti, harufu ikamjibu kabla yangu. "Ndugu, hii unamlangulia nani?" Ulimi ukanikauka. Shangazi akateremka taratibu, akalegeza kanga kidogo, mistari ya zambarau ikaonekana juu ya nyonga. "Ananilangulia mimi, mwanangu." Kijana wa watu akatazama pembeni, akalifunga buti mwenyewe.

Daladala zilipoanza, kwa ile sarafu ya shilingi tano tuliyoiita dala, wagonjwa wawili wakaniaga kwamba hawataki kunisumbua tena. Walisimama njia nzima wakisukumwa. Juma halijaisha wakarudi, nami sikuwauliza. Pesa hawakunipa, wala nisingepokea. Shangazi alipomaliza dawa akarudi kwao, na baadaye akanitumia kwa treni debe la asali. Bibi yako akauza nusu, tukanunulia petroli. Kwa bei gani sikutajii, maana huo nao ulikuwa ulanguzi.