KUTWA NA MSANIFU MAJENGO JIJINI DAR: KUMBE KUCHORA NI KIDOGO TU!

Msomaji wangu, mwulize Mbongo yeyote kazi ya msanifu majengo ni nini, atakujibu haraka haraka: "Anachora ramani." Basi! Wengi tunamwona ni mtu wa kukaa kwenye kiyoyozi, anavuta mistari miwili mitatu, anapokea mamilioni, anaondoka zake. Safu hii, ambayo kazi yake ni kutembea na kuchungulia, wiki iliyopita ilimfuata mmoja wao kutwa nzima, kuanzia Upanga mpaka Kimara. Ni dada wa miaka thelathini na kitu. Kaomba jina lake lisitoke gazetini, basi tumwite Dada Msanifu.

Ofisi yake iko ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Saa mbili asubuhi mteja kashafika, kaka mmoja mwenye picha ya nyumba ya Ulaya ndani ya simu. Anataka hiyo hiyo, paa limesimama kama mnara.

"Kaka, kule wanasimamisha paa ili theluji iporomoke," Dada akamwambia kwa upole. "Mbezi theluji itatoka wapi? Hilo paa litakula mbao na mabati bure."

Kaka akacheka, ila uso ulionyesha hajakubali. Ikabidi somo liendelee. Dar jua la jioni linapiga ukuta wa magharibi bila huruma. Ukiweka chumba cha kulala upande huo, saa nne za usiku ukuta bado unatema joto. Bora upande mrefu wa nyumba utazame kaskazini na kusini, madirisha yatazamane ili upepo upite, na paa litoke nje kidogo likinge jua na mvua ya masika. Somo hilo lilichukua zaidi ya saa nzima. Na malipo je?

"Bado," akaniambia kaka yule alipoondoka. "Wengine nawachorea mchoro wa mwanzo, wanaupiga picha, wanampelekea fundi wao. Ndiyo imetoka hiyo."

Kutoka hapo tukaenda ofisi moja ya halmashauri, ipi sisemi, kufuatilia kibali cha ujenzi. Siku hizi maombi yanatumwa kwa kompyuta, lakini usidhani miguu imepumzika. Ramani inapita kwa watu wa mipango miji, wahandisi, watu wa afya, na kila mmoja ana lake la kuuliza. Tulikaa kwenye benchi saa mbili na nusu tukimsubiri afisa ambaye "ametoka kidogo". Dada alikuwa ametulia tuli, kafungua kompyuta yake mapajani anarekebisha ngazi za nyumba nyingine. Mimi ndiye niliyekuwa nahema!

Na usifikiri kila aliyemaliza chuo anaruhusiwa kuweka sahihi kwenye ramani. Digrii ni mwanzo tu. Lazima ufanye kazi chini ya wakongwe, kisha usajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, inayofanya kazi kwa sheria ya mwaka 2010. Ukishasajiliwa, sahihi yako ni shingo yako.

Mchana tukashuka Kariakoo kuangalia bei za vigae. Tulipofika Soko Kuu, Dada akasimama. Soko lile lilisanifiwa na Mtanzania, marehemu Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Inua macho uone mapaa yake ya zege, yamekaa kama miamvuli iliyogeuzwa juu chini, na huko chini ya ardhi kuna Shimoni. Moto uliliunguza Julai 2021, likabidi likarabatiwe. Mimi nimepita pale tangu utotoni nikifuata nyanya na mitumba, wala sikuwahi kujiuliza kuna mtu alikaa akaliwaza lile paa.

Lakini Kariakoo hiyo hiyo ina kidonda. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Kabla ya hapo, Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji, Mtaa wa Indira Gandhi, lilianguka likaua watu 36. Dada alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Tukipita hapa ndiyo nakumbuka kwa nini huwa nagombana na watu." Sikumwelewa mpaka tulipofika saiti.

Tukapanda mwendokasi pale Gerezani mpaka Kimara, halafu bodaboda ikatupandisha kilimani. Nyumba ni ya mama mmoja mstaafu, kaweka kiinua mgongo chake chote. Siku hiyo ilikuwa ya kumwaga zege la nguzo. Vijana kama kumi na watano wako tayari na ndoo, mashine ya kuchanganyia inanguruma.

Dada akavaa helmeti, akatoa futi, akapima ringi za nondo. Kwenye mchoro wa mhandisi zimeachana sentimita 15. Pale zimeachana 30!

"Zima mashine," akasema.

Kimbembe kikaanza. Fundi, mzee wa makamo, akajitetea: "Mwanangu, mimi nimejenga kabla wewe hujazaliwa. Mama mwenyewe kasema tubane matumizi."

"Shikamoo yako nimekupa, mzee wangu, lakini zege halitamwagwa."

Mama naye akapandisha. Vijana wanadai posho ya siku, saruji imeshafunguliwa, hasara hiyo nani anailipa? "Kama huwezi, nitatafuta mwingine!" Nikamwona Dada anameza mate. Awamu ya mwisho ya malipo yake ilikuwa bado iko mkononi mwa mama huyo huyo. Hata hivyo akampigia mhandisi, akaweka simu wazi, sauti ikasikika na kila mtu: ringi ziongezwe, la sivyo naye anajitoa.

Ukimya. Mama akakaa juu ya tofali muda mrefu, akaziangalia nguzo. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Wajukuu zangu ndio watalala humu. Fundi, ongeza." Vijana wakalipwa nusu siku, wakaanza kukata nondo.

Jua lilikuwa linazama tuliposhuka na viatu vya matope. Kuhusu malipo yake mama hakusema neno, na Dada hakuuliza. Alikuwa anawahi nyumbani kumalizia zile ngazi.

Basi ndugu msomaji unayejenga, kabla hujasema msanifu ni ghali, nenda saiti kwako na futi. Soma mchoro, pima ringi, mwulize fundi. Na kama hakuna wa kukwambia "zima mashine", mtafute leo kabla zege halijamwagwa.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.